Kisanduku cha Saba

Fomu ina safu mbili. Kushoto, masomo ya Njoro.
Kulia, masomo ya kule, Uingereza, mji ambao jina lake
nimelitamka mara tatu, na mara zote Daktari Ombito
amelirekebisha kwa upole, kama anayenitoa uzi begani.

Sisi tunahesabu yuniti. Wao wanahesabu krediti.
Yuniti saba za hapa ziingie katika krediti sitini za huko,
zisipungue, zisimwagike.
"Krediti sitini?" Mama anauliza, mkono ndani ya gunia.
"Za simu? Nani atakununulia?"

Jumamosi, soko la Wakulima, Nakuru.
Nimetandaza karatasi juu ya rosekoko
na kalamu imekwama kwenye Takwimu:
hapa yuniti moja, kule krediti kumi, au ishirini,
inategemea umemuuliza nani.

Mama anajaza gorogoro ya maharagwe, anaipiga ubavuni mara mbili,
anaongeza kichuguu juu,
anaimimina kwenye mzani wa jirani yetu, Baba Wekhomba.
"Soma."
Kilo mbili na robo.
Anajaza ile ile kwa unga.
"Soma tena."
Kilo moja na kitu.
"Mkebe ni mmoja, uzito si mmoja.
Mwambie huyo mwalimu wako atazame kwanza kilichomo."

Basi Jumatatu simpelekei Ombito majina. Nampelekea yaliyomo:
wiki ya kwanza wanasoma nini, ya pili nini,
vitabu gani, siku ngapi nyanjani na buti za nani.
Anasoma akinung'unika, miwani imepanda kipajini.
Ramani za Kompyuta: limepita.
Takwimu: limepita, ila kule hawaanzii mwanzo,
"ukumbushe hesabu zako likizoni."
Mito na Mafuriko: anacheka kidogo, kisha anaacha.
"Hili wewe ungewafundisha."
Anajua tulikotoka. Anajua Mwariki,
jinsi ziwa lilivyoingia bila hodi
likakaa sebuleni, likakataa kuaga.
Leo mwari hutua juu ya paa letu,
nao hawalipi kodi.

Jumanne saa nne masomo mawili yanagongana. Nafuta moja.
Oktoba, nasoma, watarudisha saa nyuma.
"Wanamrudishia nani?" anauliza Mama.
Mtihani wao ni Januari, na huku Januari
muhula utakuwa umefunguliwa wiki mbili.
Ombito anaandika barua, anaifuta,
anaandika nyingine yenye "tafadhali" nyingi zaidi.

Kinabaki kisanduku cha saba.
Kushoto: Udongo na Maji ya Bonde la Ufa. Lazima.
Kulia: tumepekua kurasa mia mbili na tatu.
Upo udongo wa mboji. Upo ulioachwa na barafu.
Ipo hata historia ya bustani za wafalme.
Chumvi inayopanda ukutani mwa nyumba ya mtu, haipo.
"Tutaandika: atalisoma akirudi."
Muhuri unashuka, kikombe chake cha chai kinaruka.
"Ni mwaka mzima zaidi, Daktari?"
"Nusu. Pengine."
Njiani nagawanya karo ya pengine kwa magunia ya maharagwe.
Haigawanyiki.

Jioni, katika chumba tunachopanga Kiamunyi, juu,
ambako maji yatachoka kabla ya kufika,
Mama anaipitisha fomu chini ya taa, mstari kwa mstari,
mpaka kidole kinasimama pale peupe.
"Hapa wamesahau?"
"Hawakusahau. Hawana."
Ananyamaza. Anapapasa mfuko wa aproni,
anatoa punje moja ya rosekoko,
anaiweka katikati ya kisanduku,
karatasi isipeperuke, anasema,
kana kwamba punje moja imewahi kuzuia upepo,
kisha anaenda kuwasha jiko.